Washington Imeandika Bili, Raleigh Ndiyo Itakayoamua Nani Alipe

Kila ninapokutana na Waswahili wenzangu hapa North Carolina, iwe baada ya ibada, harusini au kwenye makundi ya WhatsApp, mazungumzo kuhusu msaada wa chakula na matibabu huishia kwenye moja ya kauli mbili. Mmoja atasema, "Trump ametukata." Mwingine, ambaye mara nyingi ndiye aliyetoka ofisi za kaunti asubuhi ile, atasema, "Kaunti wamenikata." Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake. Sheria iliyobadilisha mambo ilitungwa Washington na kutiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025, na barua ya kukatiwa msaada hutoka kaunti, ikiwa na nembo ya kaunti na namba ya simu ya kaunti. Lakini kati ya Washington na kaunti kuna ngazi ya tatu ambayo karibu hakuna anayeitaja, nayo ni jimbo, ambalo hapa North Carolina makao yake makuu ni Raleigh. Hoja yangu ni kwamba ngazi hiyo ndiyo yenye uamuzi mkubwa uliobaki. Sheria ya Washington imeandika bili kwa jina la jimbo. Jimbo ndilo litakaloamua kama litailipa lenyewe au litaisukuma chini kwa kaunti, na kaunti ikishindwa, bili hiyo italipwa na mtu aliyesimama kwenye foleni.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kwanza kujua kaunti ya Marekani ni kitu gani kisheria. Msomaji aliyeko Kenya akisikia neno hili atafikiria kaunti 47 zenye magavana, zilizoandikwa ndani ya Katiba ya 2010 na kuhakikishiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hapa mambo ni tofauti kabisa. Katiba ya Marekani haitaji kaunti hata mara moja. Mwaka 1868, jaji John Forrest Dillon wa Iowa aliandika kwamba serikali za mitaa huzaliwa na bunge la jimbo, zina mamlaka yale tu zilizopewa, na aliyezipa anaweza kuyachukua. Fikra hiyo bado inatawala sehemu kubwa ya nchi. Kwa hiyo jimbo likiiambia kaunti iendeshe mpango fulani, kaunti inaendesha. Na jimbo likiiambia kaunti itoe pesa mfukoni mwake, kaunti inatoa. Haina mahali pa kukata rufaa zaidi ya kwenda kwa wabunge walewale na kuwaomba wabadilishe mawazo.

Si majimbo yote yanayotumia kaunti kwa njia hii. Katika mengi, ofisi ya msaada wa chakula ni tawi la serikali ya jimbo na wafanyakazi wake wanalipwa na jimbo. Ni majimbo 10 tu ambayo mpango wa SNAP, ule msaada wa chakula unaoingia kwenye kadi kila mwezi, unaendeshwa na kaunti: California, Colorado, Minnesota, New Jersey, New York, North Carolina, North Dakota, Ohio, Virginia na Wisconsin. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba ina baadhi ya majimbo makubwa kuliko yote nchini, na pia yale ambako Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi wengi wameweka makazi. Habari hii basi inatuhusu moja kwa moja, hata wale ambao hawajawahi kushika kadi ya SNAP maishani mwao, kwa sababu kodi ya nyumba wanayolipa kila mwaka inaingia kwenye kapu hilohilo.

Kusukuma mzigo chini si jambo lililoanza mwaka jana. Kabla ya Sheria ya Usalama wa Jamii ya 1935, maskini walikuwa kazi ya mitaa na kaunti tangu enzi za ukoloni wa Waingereza. Mdororo mkuu wa uchumi ulipozifilisi kaunti, serikali kuu ikaingia na pesa zake, na baadaye ikaongeza mpango wa chakula mwaka 1964 na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mwaka 1965. Mwaka 1996 mwelekeo ukageuka. Msaada wa fedha taslimu kwa familia zenye watoto ukabadilishwa kuwa fungu maalumu la dola bilioni 16.5 kwa mwaka linalogawiwa majimbo, na fungu hilo halijawahi kuongezwa kufuata mfumuko wa bei. Bilioni 16.5 za leo hazinunui hata nusu vizuri ya kilichonunuliwa na bilioni 16.5 za wakati ule. Hakuna mwaka ambao Congress, bunge la Washington, ilisimama na kutangaza kwamba inapunguza msaada kwa nusu. Pesa ziliachwa tu zichakae, na majimbo na kaunti zikabaki na familia zilezile mlangoni. Mbinu hiyo ilifanya kazi kimyakimya kwa miaka 30. Sheria ya 2025 inafanya jambo hilohilo, ila kwa haraka zaidi na kwenye mipango iliyo mikubwa zaidi.

Sehemu ya kwanza ya bili inahusu uendeshaji wa ofisi. Kwa miongo mingi serikali kuu imekuwa ikilipa gharama zote za chakula chenyewe, na nusu ya gharama za kuendesha mpango: mishahara ya wanaopokea maombi, kompyuta, posta, simu. Nusu nyingine ililipwa na jimbo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, sheria mpya inasema serikali kuu italipa robo tu, na jimbo robo tatu. Hapa ndipo uamuzi wa jimbo unapoanza kuonekana. California iligawa nusu yake hivi: jimbo linabeba asilimia 35 ya gharama yote na kaunti asilimia 15. North Carolina haikugawa. Nusu ile isiyolipwa na Washington imekuwa ikibebwa na kaunti zenyewe, zote 100, kuanzia Mecklenburg yenye majumba ya mabenki hadi kaunti za mashariki ambako mashamba ya tumbaku yalishakufa na viwanda vya nguo vilishahama. Bunge la Raleigh lisipobadilisha chochote, yaani likikaa tu kimya, kaunti iliyokuwa ikilipa dola 50 katika kila 100 za uendeshaji italipa 75. Ni ongezeko la nusu nzima kwa kazi ileile, na litapatikana bila mbunge hata mmoja wa jimbo kuinua mkono wake kulipigia kura.

Kalenda nayo inaongeza maumivu. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, wa serikali kuu tarehe 1 Oktoba. Kwa hiyo kaunti zinapanga bajeti ambayo miezi yake mitatu ya kwanza iko kwenye mgawanyo wa zamani na miezi tisa iko kwenye mgawanyo mpya. Sheria ya jimbo inazilazimisha kupitisha bajeti iliyosawazishwa. Washington inaweza kukopa, na inakopa kila siku. Kaunti haiwezi kukopa ili kulipa mishahara ya kawaida. Ina kodi ya majengo na ardhi, ina sehemu ya kodi ya mauzo, ina ada ndogondogo, basi.

Sehemu ya pili ni kubwa zaidi, nayo inahusu chakula chenyewe. Kuanzia Oktoba 2027, kwa mara ya kwanza tangu mpango huu uanze, majimbo yatatakiwa kuchangia gharama ya chakula kulingana na kiwango cha makosa ya malipo. Jimbo lenye makosa chini ya asilimia 6 halitachangia kitu. Likiwa kati ya 6 na 8, litachangia asilimia 5. Kati ya 8 na 10, asilimia 10. Likifika 10 au kuzidi, asilimia 15. Katika mwaka wa fedha wa 2024 wastani wa taifa zima ulikuwa asilimia 10.93. North Carolina ilikuwa na 10.21, yaani asilimia 0.21 tu juu ya mstari wa 10. Maafisa wa jimbo wamekadiria kwamba kwa kiwango hicho North Carolina ingedaiwa takriban dola milioni 420 kwa mwaka, katika mpango unaolisha watu wapatao milioni 1.4.

Upande wa waliotunga sheria una hoja hapa, na ni hoja nzito. Wanasema: kwa miaka yote jimbo limekuwa likigawa pesa za mtu mwingine. Likimlipa mtu zaidi ya anachostahili, hasara ni ya Washington. Hakuna gavana aliyepoteza usingizi kwa sababu hiyo. Mweke achangie, atakuwa makini. Siwezi kuipuuza hoja hii. Asilimia 10.93 ya mpango wenye thamani ya karibu dola bilioni 100 ni pesa nyingi, na mtu anayelipa kodi ana haki ya kuuliza zilikwenda wapi. Nimesikia wenzetu wakijibu kwamba makosa hayo ni uzushi wa wanasiasa. Si uzushi. Yanapimwa kila mwaka, faili kwa faili, kwa utaratibu unaojulikana, na jimbo linalosema lina nia ya kuwahudumia maskini linapaswa kuona aibu linapovuka asilimia 10.

Lakini ukishakubali kwamba makosa ni tatizo la kweli, inakubidi uangalie yanatoka wapi. Kwanza, kiwango hicho si kipimo cha wizi. Kinajumlisha waliolipwa zaidi na waliolipwa pungufu. Katika ile asilimia 10.93, 9.26 ilikuwa malipo yaliyozidi na 1.67 malipo yaliyopungua, na mama aliyepunjwa dola 80 anahesabiwa kosa sawasawa na aliyezidishiwa dola 80. Pili, makosa mengi huzaliwa pale maisha ya mtu yanapobadilika upesi kuliko faili lake. Mtu wa kiwanda cha kuku anapata saa 46 wiki hii na 29 wiki ijayo. Kodi ya nyumba imepanda mwezi wa tatu. Mtoto mkubwa amehama. Afisa mwenye mafaili machache atapiga simu, ataomba hati ya mshahara, atarekebisha. Mwenye mafaili mara mbili ya hayo ataandika alichonacho na kusonga mbele, kwa sababu simu nyingine inaita. Usahihi unanunuliwa kwa saa za kazi za binadamu. Sheria inayodai usahihi mkubwa zaidi, halafu kwa kifungu kingine inaondoa nusu ya mchango wa serikali kuu katika kulipia saa hizo, inamwambia fundi ajenge ukuta ulionyooka huku imemnyang'anya timazi.

Kuna ushahidi kwamba jambo hili linaweza kufanywa vizuri hata kwa mfumo wa kaunti. Wisconsin iko kwenye ile orodha ya majimbo 10, na kiwango chake cha makosa mwaka 2024 kilikuwa asilimia 4.47. Ilichofanya, kwa sheria ya jimbo ya 2011, ni kuziunganisha kaunti zake katika makundi 10 ya kanda ili zigawane vituo vya simu na mafaili badala ya kila kaunti kuhangaika peke yake. Kaunti ya Milwaukee ilikuwa imeshachukuliwa na jimbo lenyewe. Sidai kwamba muungano huo ndio sababu pekee. Ninachosema ni kwamba bunge la jimbo liliketi, likaangalia kazi inavyofanyika, likaipanga upya. Kwa upande mwingine tazama Alaska, iliyokuwa na kiwango kibaya kuliko vyote, asilimia 24.66. Seneti ilipokuwa ikihesabu kura moja moja Julai 2025, na muswada ukapita kwa 51 dhidi ya 50 kwa kura ya Makamu wa Rais, kilikuwa kimeingizwa kifungu kinachoyapa majimbo yenye makosa makubwa mno muda zaidi kabla ya kuanza kuchangia. Jimbo lenye asilimia 10.21 litalipa mapema. Lenye asilimia 24 litasubiri. Anayesema sheria hii ilibuniwa kwa ajili ya kuadhibu uzembe ana kazi ya kunieleza kifungu hicho.

Sehemu ya tatu ni karatasi. Watu wazima hadi umri wa miaka 64, wakiwemo wazazi ambao mtoto wao mdogo ameshatimiza miaka 14, sasa wanapaswa kuonyesha saa 80 za kazi, mafunzo au kujitolea kila mwezi, la sivyo wanapata SNAP kwa miezi mitatu tu katika kila miaka mitatu. Kwa Medicaid, masharti kama hayo ya saa 80 yanatakiwa kuanza kabla au ifikapo tarehe 1 Januari 2027 kwa watu wazima walioingia kupitia upanuzi wa mpango huo, yaani wale wenye kipato kidogo ambao awali hawakustahili, na uhakiki wao utafanywa kila miezi sita badala ya mara moja kwa mwaka. North Carolina ilipanua Medicaid tarehe 1 Desemba 2023 na imeandikisha zaidi ya watu 600,000. Piga hesabu mwenyewe: uhakiki 600,000 kwa mwaka unakuwa milioni 1.2, na kila mmoja unapita mezani kwa mtumishi wa kaunti.

Wanaounga mkono masharti haya wanasema kazi ni heshima, na mtu mwenye nguvu zake hapaswi kukaa. Katika jamii yetu maneno hayo yanagusa. Wengi wetu tunafanya kazi mbili na hatumpendi mtu mvivu. Ila swali la sera ni kama sharti linaleta kazi. Arkansas ilijaribu mwaka 2018. Ndani ya miezi michache zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima, hadi jaji aliposimamisha mpango huo Machi 2019, na utafiti uliofuata haukuona ongezeko la ajira. Kwanza watu walitakiwa kuripoti saa zao kwenye tovuti tu, na tovuti hiyo ilikuwa ikifungwa kila usiku kuanzia saa tatu hadi saa moja asubuhi. Fikiria anayefanya usafi wa maofisi usiku, katika jimbo lenye vijiji visivyo na intaneti ya maana. Wengi waliokatwa walikuwa wakifanya kazi. Walichoshindwa ni kuithibitisha kazi hiyo, kwa njia ile, kwa saa zile.

Nimeshakaa kama mkalimani wa kujitolea kwenye ofisi moja ya kaunti katikati ya jimbo hili. Mama mmoja wa Kivu, aliyeishi kambini miaka mingi kabla ya kuletwa huku, alifika na bahasha tatu za rangi ya kaki, zote hazijafunguliwa. Alizipanga mezani kwa mpangilio wa tarehe kama anavyopanga mtu vitenge vya kuuza. "Mtoto wangu, hizi barua zinasema nini? Banakata chakula ao?" Ya kwanza ilimtaka alete uthibitisho wa mshahara. Ya pili ilimkumbusha. Ya tatu ilimwambia faili limefungwa kwa kushindwa kutoa taarifa. Zote kwa Kiingereza. Hati za mshahara zilikuwamo kwenye mkoba wake muda wote, zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi za chanjo za watoto. Dada aliyekuwa upande wa pili wa kioo hakuwa mkorofi. Alisoma, akashusha pumzi, akamfungulia ombi jipya, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wenzake watatu wameacha kazi na nafasi zao hazijajazwa. Hiyo ilikuwa kabla ya sheria hii.

Kwa wakimbizi kama mama huyo mambo yamekwenda mbali zaidi. Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote ya wakimbizi waliopokewa Marekani katika mwaka wa fedha wa 2024, karibu 20,000 kati ya 100,000. Hata sheria kali ya 1996, iliyowanyima chakula wahamiaji wengi, iliwaachia wakimbizi wapya miaka yao ya mwanzo. Ya 2025 imewaondoa kwenye SNAP mpaka wapate kadi ya ukaazi wa kudumu, na kuanzia Oktoba 2026 wengi wao watu wazima wataondolewa kwenye Medicaid pia. Tazama kilichotokea ngazi za chini. Sheria ilisainiwa Julai. Mwongozo wa Wizara ya Kilimo, inayosimamia SNAP, ulitoka tarehe 31 Oktoba, na kwa tafsiri ya wizara muda wa majimbo kusamehewa makosa uliisha kesho yake. Mwongozo wenyewe uliandikwa kana kwamba aliyeingia kama mkimbizi hastahili tena hata akishapata kadi hiyo. Majimbo zaidi ya 20 yakaenda mahakamani, na Desemba wizara ikaurekebisha. Katika wiki hizo afisa wa kaunti angefuata lipi? Akimkata mtu anayestahili, amemwonea. Akimwacha asiyestahili, amelipandishia jimbo lake kiwango cha makosa. Na mwezi uleule wa Novemba, idara ya uhamiaji ikasimamisha kushughulikia maombi ya kadi hizo kwa wakimbizi walioingia wakati wa serikali iliyotangulia. Mlango mmoja unasema leta kadi, mwingine unasema hatutoi kadi, na mtu wa kaunti ndiye anayepaswa kumweleza mama huyo hali hiyo, kupitia mkalimani kama yupo.

Hoja dhaifu kuliko zote niliyoisikia katika mjadala huu ni kwamba makanisa, misikiti na maghala ya chakula yataziba pengo. Inasemwa kwa nia njema mara nyingi, na watu wanaoisema huwa wenyewe wanatoa. Lakini haisimami. Mtandao wa Feeding America, wenye maghala ya chakula nchi nzima, wenyewe husema kwamba kwa kila mlo mmoja unaotoa, SNAP hutoa tisa. Tena tulishapata jaribio la kweli. Serikali kuu ilipofungwa kwa siku 43, kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, malipo ya SNAP ya Novemba yalichelewa, na tuliona foleni za magari kwenye maegesho ya makanisa kuanzia alfajiri. Watu walijitoa kwa moyo, maharage na mchele vikaisha kabla ya saa nne. Hiyo ilikuwa ni kuchelewa kwa malipo, tena kwa muda mfupi. Sheria hii, kwa makadirio ya Ofisi ya Bajeti ya Congress, inapunguza SNAP kwa takriban dola bilioni 186 katika miaka 10. Sadaka ni ibada, na haiwezi kugeuzwa kuwa bajeti ya serikali.

Nina neno pia kwa upande wangu mwenyewe. Kuimba jina la Trump kila siku kumewapa wabunge wa Raleigh mahali pazuri pa kujificha. Hakuna mstari katika sheria ya Washington unaosema kaunti ndiyo ilipe hizo asilimia 75. Huo ni utaratibu wa North Carolina, na North Carolina inaweza kuubadilisha kwa kura ya siku moja: kwa kubeba ongezeko lote, kwa kulibeba nusu, au kwa kuzisaidia kaunti maskini pekee ambako shilingi ya kodi ya ardhi haina pa kutoka. Vilevile jimbo ndilo litakaloamua kama bili ya mamilioni yale 420, ikija, itashushwa chini au la. Colorado, ambayo nayo inatumia kaunti, iliwapelekea wananchi swali kwenye kura ya Novemba 2025, nao wakakubali kuwatoza kodi zaidi wenye kipato kikubwa kwa ajili ya chakula cha watoto shuleni na kuushikilia mpango wa SNAP. Unaweza kuipenda njia hiyo au usiipende. Ila lilikuwa jibu, na lilitoka ngazi ya jimbo. Raleigh ilimaliza mwaka 2025 bila hata kupitisha bajeti kamili, huku wabunge wakijadili namna ya kuzibana kaunti katika kodi ya majengo na ardhi. Mwenye nyumba akisikia hivyo anafurahi, na ninamwelewa, kwa sababu tathmini mpya zimewaumiza watu. Lakini kuongezea kaunti mzigo kwa mkono mmoja na kuifunga mfuko kwa mkono mwingine ni kuamua nani ataumia bila kumtaja jina.

Na atakayeumia huenda asiwe mwenye kadi ya SNAP. Idara ya huduma za jamii ya kaunti hapa haigawi chakula tu. Ndiyo inayopokea simu usiku kwamba kuna mtoto anapigwa. Ndiyo inayotafuta familia za kulea watoto waliotenganishwa na wazazi. Mzee aliyepoteza kumbukumbu na asiye na ndugu, mahakama inaweza kumkabidhi kwa mkurugenzi wa idara hiyo, ambaye kuanzia siku ile ndiye anayetia saini akifanyiwa upasuaji na ndiye anayeamua alale wapi. Kazi hizi zinagombea dola zilezile za kaunti. SNAP na Medicaid zina muda wa mwisho uliowekwa na sheria na vipimo vinavyotumwa Washington. Ziara ya pili kwa mtoto aliyeonekana na alama mgongoni haina kipimo kikali namna hiyo. Mkurugenzi anapolazimika kuchagua pa kupeleka wafanyakazi wachache alionao, atawapeleka palipo na adhabu.

Kabla ya kupitisha bajeti, kila kaunti ya North Carolina inalazimika kufanya kikao cha hadhara ambako mwananchi yeyote anaweza kuzungumza. Vikao hivyo hufanyika kati ya Mei na Juni, jioni, na kila msemaji hupewa dakika chache. Nimehudhuria kadhaa. Wenye nyumba huja kuhusu kodi, walimu huja kuhusu shule, askari wa zimamoto huja na sare zao. Ukifungua kitabu cha bajeti kwenye kurasa za huduma za jamii utakuta jedwali la nafasi za kazi: zilizoidhinishwa, zilizojazwa, zilizo wazi. Mwaka huu nitasimama kuuliza kuhusu ile safu ya tatu, na kuuliza barua gani makamishna wetu wa kaunti wamewaandikia wabunge wetu wa Raleigh kuhusu 1 Oktoba. Mama wa bahasha tatu amesema atakuja nami. Amekwishaniuliza kama kuna mkalimani, nami nimepiga simu kaunti. Wameniambia niombe kwa maandishi siku tano kabla.